Manowari na Bomba Tatu: Kujenga Mfano wa Meli kwa Skeli Pamoja na Wanafunzi

Mwalimu anayefundisha skeli kwa ubao na chaki peke yake hupata majibu sahihi katika madaftari na mapengo makubwa katika vichwa. Mtoto aweza kugawanya kwa 200 bila kosa, na bado asijue kwamba kila hesabu ile ina kitu nyuma yake: chuma, mti, maji na watu. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia moja ya kuziba pengo hilo, nayo ni ujenzi wa mfano wa manowari kwa skeli, kuanzia karatasi ya kwanza hadi rangi ya mwisho. Tunawaandikia ninyi mnaojiandaa kufundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi, na hasa wale ambao watakwenda mahali ambapo zana za kufundishia hazinunuliwi bali hutengenezwa.

Kwa nini manowari hii

Meli tuliyoichagua ni Königsberg, manowari ya Wajerumani ambayo mabaki yake yalibakia katika mto wa nchi yetu. Iliundwa Kiel, ikashushwa majini mwaka 1905 na kuanza kazi mwaka 1907. Ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914, chini ya nahodha Max Looff. Vita vilipoanza, tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha manowari ya Waingereza iitwayo Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo. Baadaye ilijificha katika delta ya Rufiji, matawi ya miti yakiwa yamefungwa hata kwenye milingoti yake ili isionekane. Ilikaa humo hadi tarehe 11 Julai 1915, ilipopigwa vibaya na nahodha mwenyewe akaamuru iharibiwe.

Watu wa pwani waliiita Manowari na Bomba Tatu, kwa sababu ya dohani zake tatu zilizoonekana kutoka mbali. Jina hilo latufaa sana darasani, kwani ndani yake mna funzo la kwanza la mjenzi wa mifano: kabla ya kupima, tazama. Aliyeipa meli jina hilo hakuwa na futi mkononi, lakini alikuwa amekwisha kuiona alama inayoitofautisha na nyingine.

Kuchagua skeli

Tunatumia skeli ya 1:200. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, meli inapata urefu unaoenea juu ya dawati moja, nao unatosha watoto wanne kufanya kazi bila kusukumana. Pili, hesabu yake ni nyepesi: mita mbili za meli ni sentimita moja ya mfano. Kwa hiyo mtoto anaweza kuchukua kipimo chochote cha mita, akagawa kwa mbili, akakiita sentimita. Lakini asipewe njia hiyo ya mkato mpaka awe ameigundua mwenyewe baada ya kufanya hesabu tatu au nne kwa njia ndefu.

Vipimo vya kuanzia ni hivi:

Urefu wa meli, mita 115.3, katika mfano, sentimita 57.65.
Upana wa meli, mita 13.2; katika mfano, sentimita 6.6.
Kina kilichozama majini, mita 5.29, katika mfano, sentimita 2.6 na ushei.
Mtu mzima wa kimo cha mita 1.7, katika mfano, milimita 8.5.

Kipimo cha mwisho kisiachwe. Milimita 8.5 ni kama urefu wa punje moja ya mpunga. Meli hii ilikuwa na mabaharia na maofisa 322. Wape watoto punje 322 za mpunga wazihesabu, kisha wazipange juu ya kipande cha kadibodi chenye urefu na upana wa meli. Kutoka hapo hawatasema tena kwamba meli ilikuwa kubwa au ndogo. Watajua ilikuwa kubwa kiasi gani kwa watu kiasi gani.

Vipimo vingine, kama vile kimo cha dohani na milingoti, hupatikana katika picha iliyopigwa ubavuni moja kwa moja. Ikiwa meli katika picha ina urefu wa sentimita 20, kila kipimo cha picha kizidishwe kwa 2.88, maana 57.65 ukigawa kwa 20 unapata kiasi hicho. Jihadharini na picha zilizopigwa kwa mshazari. Katika picha za namna hiyo omo huonekana kubwa kuliko tezi, na mtoto atajenga meli iliyovimba mbele.

Kuunda mwili wa meli

Mwili tunaunda kwa mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Tafuteni mbao laini zenye unene wa milimita 13. Msonobari unafaa, na mbao ya msufi ni nyepesi zaidi. Tabaka mbili hufanya sentimita 2.6, yaani sehemu yote inayozama majini. Tabaka moja au zaidi huongezwa juu, na kipande kingine kifupi hupandishwa omoni, kama picha inavyoonyesha.

Umbo la kila tabaka lichorwe kwanza katika karatasi iliyokunjwa katikati kwa urefu. Mtoto achore nusu tu ya meli, akate, kisha afunue. Hapo pande mbili zitalingana bila ubishi, naye atakuwa amekutana na mhimili wa ulinganifu kabla hajaambiwa jina lake. Kiolezo hicho kiwekwe juu ya ubao, kizungushiwe penseli, na mbao zikatwe kwa msumeno mwembamba. Zipakwe gundi ya mbao, zibanwe kwa jiriwa au zifungwe kwa mpira wa baiskeli, na ziachwe mpaka kesho yake. Gundi haijui ratiba ya vipindi.

Siku ya pili ndipo ngazi za tabaka huondolewa kwa randa ndogo, patasi na tupa, mpaka ubavu uteleze kutoka sitaha hadi mkuku. Ili pande zisitofautiane, kateni violezo vitano vya kadibodi vyenye umbo la tumbo la meli mahali patano tofauti, kutoka omoni hadi tezini. Kila kiolezo kijaribiwe kulia na kushoto. Malizieni kwa msasa, na palipo na mti wa msasa, majani yake makavu yatafanya kazi ile ile iliyoipa karatasi hiyo jina lake.

Mizinga, dohani na milingoti

Königsberg ilikuwa na mizinga kumi. Miwili ilikaa sambamba omoni, miwili sambamba tezini, na sita katikati, mitatu kila upande. Kila mzinga ulikuwa na tundu la kipenyo cha sentimita 10.5, na urefu wa kasiba ulikuwa mara arobaini ya kipenyo hicho. Hapa pana swali zuri la darasa: kasiba ya mfano iwe na urefu gani? Arobaini mara 10.5 ni sentimita 420, yaani mita 4.2, katika mfano ni sentimita 2.1. Lakini tundu lenyewe linakuwa nusu milimita tu, na mtoto akichukua kipimo hicho kama unene wa kasiba atakosea, kwani chuma kilichozunguka tundu kilikuwa kinene. Njiti ya chelewa iliyochongwa ncha inatosha. Ngao ya mzinga ikatwe kutoka kiberiti kitupu.

Dohani tatu ziviringwe kwa karatasi ngumu juu ya kijiti laini, zigandishwe kwa gundi, na kijiti kichomolewe. Milingoti miwili iwe ya chelewa, na kamba zake ziwe uzi mweusi uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa ili manyoya yake yalale. Madirisha ya mviringo yatobolewe kidogo kwa ncha ya pini, juu ya mstari uliopigwa kwa penseli; asiyepiga mstari atapata madirisha yanayocheza.

Kupaka rangi

Walimu wengi huharibu hapa kazi ya wiki tatu kwa haraka ya dakika kumi. Yafaa kushika mambo matano.

Kwanza, mti usipakwe rangi ukiwa mtupu. Upakeni kwanza tabaka jembamba la rangi nyeupe ya msingi, likauke, kisha upigwe msasa mwororo. Nyuzi za mti husimama zinapolowa. Zikiachwa, meli itakuwa na ngozi ya fenesi.

Pili, vipande vidogo, yaani mizinga, mashua na dohani, vipakwe vikiwa bado pembeni. Baada ya kubandikwa, brashi haifiki nyuma yake.

Tatu, tabaka mbili au tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene. Rangi nene hujaza madirisha na kufanya pembe zote kuwa mviringo. Kumbukeni kwamba rangi nayo ina unene, na unene wa nusu milimita katika mfano huu ni sentimita kumi katika meli.

Nne, rangi ya mfano iwe imepauka kuliko ile ya kitu chenyewe. Kitu kikubwa tunakitazama kutoka mbali, na hewa iliyo katikati hukififisha. Kijivu kilichochanganywa na nyeupe kidogo kitaonekana kweli zaidi juu ya dawati. Picha za mwaka 1914 ni nyeusi na nyeupe, hazisemi rangi, kwa hiyo watoto waandike kwenye kibandiko cha mfano: "Kijivu ni chaguo letu." Ni adabu ya elimu kutenganisha tunachokijua na tunachokichagua.

Tano, alama za kazi ziwekwe mwishoni. Meli iliyokaa miezi katika maji ya mikoko haing'ai kama sahani ya arusi. Changanyeni hudhurungi na maji mengi, mchovye brashi iliyokaribia kukauka, na mvute kutoka juu kwenda chini, kwani kutu hufuata njia ya maji. Mtoto anayevuta kutu kwa mlalo aulizwe mvua hunyesha upande gani.

Je, itaelea?

Sasa liulizwe swali ambalo kwetu ndilo kiini cha kazi yote. Meli ilikuwa na uzito wa tani 3,390. Mfano wetu uwe na uzito gani ili uzame mpaka mstari ule ule?

Kila tulipouliza, darasa liligawa kwa 200 na kujibu: tani 17. Msicheke, wala msiwasahihishe. Waulizeni nani atalibeba dawati lenye meli ya tani 17. Kisha wapeni vibweta vidogo vya mraba, wajenge kibweta ambacho kila upande wake ni mara mbili, watatumia vinane. Wajenge cha mara tatu; watatumia ishirini na saba. Wataona wenyewe kwamba urefu ukipungua mara 200, upana nao umepungua mara 200, na kina vilevile. Kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 200 mara 200 mara 200, yaani 8,000,000. Kilo 3,390,000 zikigawanywa hivyo ni takriban gramu 424, pungufu ya nusu kilo ya sukari.

Wekeni mfano kwenye mizani. Ukipungua, gandisheni vipande vya risasi au misumari chini kabisa karibu na mkuku. Ukizidi, chimbeni mti kutoka ndani kabla ya kufunika sitaha. Kisha uwekwe katika karai la maji. Ukizama mpaka mstari wa sentimita 2.6, hesabu na kazi ya mikono vimepeana mkono. Ukizama zaidi, tumbo limechongwa mno. Ukielea juu, halijachongwa vya kutosha. Katika maji ya kisima utazama kidogo zaidi kuliko katika maji ya bahari, maana maji ya chumvi ni mazito. Nalo ni somo jingine la kesho.

Kina hicho hicho kinaeleza pia historia. Meli iliyohitaji maji ya zaidi ya mita tano iliweza kujificha katika delta, lakini manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Ndiyo maana waliletwa Severn na Mersey, meli zenye matumbo bapa zilizohitaji takriban mita 1.7 tu za maji. Kwa skeli yetu hiyo ni milimita 8.5, kimo cha punje yetu ya mpunga. Meli hizo ziliingia mtoni tarehe 6 na tarehe 11 Julai 1915, zikielekezwa shabaha na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Mtoto aliyeielewa karai ameuelewa mkakati huo bila kukariri.

Makosa yetu wenyewe

Hatungekuwa waaminifu kama tungeeleza njia bila kueleza tulivyojikwaa. Mfano wetu wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko wote uliofuata. Tuliujenga sisi wakufunzi pamoja na wanachuo wachache wenye mikono myepesi, usiku, kwa ajili ya maonyesho. Dohani zake tulizikata kutoka bomba la chuma la maji, zikang'aa. Wageni walisifu. Watoto wa shule ya mazoezi walipitishwa mbele yake kwa mstari, mikono nyuma, na ukafungiwa kabatini.

Wiki moja baadaye tuliwauliza watoto wale manowari ile ilikuwa na urefu gani. Wengi walinyosha viganja vyao na kutuonyesha: hivi. Walikuwa wameona mbao za sentimita 58. Meli ya mita 115 hawakuiona kamwe. Na tulipoutia mfano ule katika maji kwa mara ya kwanza, ulipinduka papo hapo, kwa sababu dohani za chuma zilikuwa zimeuweka uzito juu. Hatukuwa tumeujaribu, kwa kuwa tulikuwa tumeujenga utazamwe.

Mfano wa pili waliujenga watoto wa Darasa la Sita. Dohani moja iliinama, na upande wa kushoto ulinenepa kidogo. Lakini ulielea, na kila mtoto aliweza kueleza kwa nini. Tangu siku hiyo tunawaambia wanachuo: zana inayomsifu mwalimu na zana inayomfundisha mtoto si lazima ziwe kitu kimoja, na ukilazimika kuchagua, chagua ya pili.

Swali la mtoto

Jambo la mwisho hatukulipanga sisi. Mfano ulipokamilika, msichana mmoja aliutazama kwa muda, kisha akauliza: "Mwalimu, na watu wetu wako wapi?"

Tulikuwa tumehesabu punje 322 za wageni. Wenyeji hatukuwa tumewahesabu. Ikabidi turudi kwenye historia. Vipande vya matanuri ya mvuke ya meli hii vilipoharibika, vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa. Waliovikokota ni Waafrika, kwa kamba. Meli ilipokwisha kuharibiwa, mizinga yake kumi iliopolewa, ikafungwa magurudumu, ikaburutwa katika vita vya nchi kavu. Mmoja upo leo Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus. Kwa pande zote mbili za vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi, na jina la Kariakoo katika Dar es Salaam latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Basi tukaongeza ubao wa pili kando ya meli. Watoto walipaka udongo, wakasimika mikoko ya sifongo yenye kimo cha sentimita 10, sawa na mita 20, wakaweka mzinga mmoja juu ya magurudumu ya vifungo, na kuufunga uzi mrefu. Juu ya uzi huo walibandika punje za mpunga, moja moja, mpaka uzi ukajaa. Punje hizo ziliuzidi mzinga kwa mbali sana, na darasa lilinyamaza bila kuambiwa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzetu, ukijenga manowari darasani usiishie kwenye chuma. Skeli ni ahadi ya kutodanganya: kilicho kikubwa kionekane kikubwa, na kilicho kidogo kionekane kidogo. Ahadi hiyo inawahusu watu kama inavyozihusu meli. Anza na karatasi iliyokunjwa, ukate mbao, upime, upake rangi kwa subira, na mfano wako ukiisha kuelea katika karai, mwachie mtoto nafasi ya kuuliza ni nani aliyesahauliwa.